Michirizi ya Baba Yohane

Jumanne saa kumi alasiri, mvua ikinyesha kama kawaida yake, fundi cherehani wa Msasani, hapa Tukuyu, alimzungushia Tusekile futi kiunoni, akaandika vipimo kwenye daftari, kisha akamwonyesha kwa kidole mahali kiblauzi kitakapoishia. Palikuwa juu ya kitovu, tena juu kweli.

"Hapo?" Tusekile akauliza.

"Hapo, mama. Ndiyo sari yenyewe. Nikiishusha itakuwa gauni, na kamati watanidai mimi."

Kamati ilikuwa imeshapitisha. Wifi yake Tusekile alikuwa anaagwa kwenda kuolewa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na akina mama wa Bulyaga walikaa vikao vitatu, wakanywa chai ya kutosha, wakaamua sari ya zambarau, kiblauzi kifupi, tumbo nje. Waliopiga kura ya ndiyo walikuwa na matumbo ya kuonyesha. Wengine walinyoosha mkono kwa sababu jirani alinyoosha, na Tusekile alikuwa mmoja wao. Tumbo analo, tena si baya, ila lilikuwa na michirizi. Mwanamke aliyezaa haelezwi: ile mistari myeupe inayobaki baada ya mimba kuivuta ngozi weee, mpaka ngozi ikachanika ndani kwa ndani, na mtoto akishatoka inajirudi lakini haisahau.

Yeye alikuwa nayo kumi na tisa. Upande wa kulia kulikuwa na tisa ya Yohane, aliyezaliwa na kilo nne na nusu na mpaka leo anakula kama aliyefungiwa chakula. Chini ya kitovu ilikuwepo sita ya Tulia. Kushoto kulikuwa na minne mifupi, na hiyo ilikuwa ya Nsajigwa.

Nsajigwa hakuna aliyemjua kwa jina hilo ila mama yake. Alizaliwa miaka minne iliyopita, mwezi wa nne, na hakulia. Kwa desturi ya hapo nyumbani mtoto ambaye hakulia hawekewi turubai la msiba, hapewi jina, wala wanaume hawahusiki. Mama mkwe na mwanamke mwingine mtu mzima walimfunga kwenye kitenge, wakamzika alfajiri mbele ya nyumba, kando ya uzio, chini ya mparachichi. Wakanawa mikono, wakamwambia Tusekile asilie. Mumewe, Cosmas, alikuwa semina Morogoro. Aliporudi alileta machungwa, akasema Mungu ana mpango wake. Tusekile alipomwambia jina alilompa mtoto, Cosmas alimjibu kwa upole kabisa kwamba mtoto ambaye hakulia haitwi. Ilimuuma Tusekile, na aliificha. Kuanzia hapo kila akioga alipitisha kidole kwenye ile mistari minne, mara moja tu, kushoto kwenda kulia, halafu anaendelea na sabuni.

Jumatano akaenda zahanati. Nesi Belinda, mtu wa Singida aliyeletwa Tukuyu na barua ya uhamisho na hadi leo anavaa soksi mbili, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama Yohane, nisikudanganye," akasema. "Ikiwa bado myekundu, kuna mafuta yanasaidia kidogo ukipaka miezi na miezi. Yako imeshakuwa myeupe. Hiyo inafifia na miaka, haitoki. Mijini kuna mashine za mwanga, wanachoma choma, bei yake unauza shamba, na bado kivuli kinabaki. Na hizo krimu za kwenye vikopo visivyo na maandishi usiniletee hapa ngozi imeungua."

"Kwa hiyo hakuna dawa?"

"Si ugonjwa, mama. Nenda nyumbani ukapumzike."

Tusekile akashukuru, akaenda nyumbani, akakata majani ya ng'ombe.

Alhamisi ni siku ya gulio, na kwenye gulio, kati ya muuza magimbi na muuza ndoo, hukaa bibi mmoja wa kijiji cha Masoko anayeitwa Ambindwile. Anauza magome, mizizi, na unga wa rangi ya kahawia kwenye karatasi za daftari la hesabu. Tusekile alimweleza shida kwa sauti ya chini. Bibi akamjibu kwa sauti ya gulio zima.

"Michirizi? Inatoka. Changanya na maji ya vuguvugu, paka, kaa kidogo, oga. Inatoka yote."

"Nesi amesema haitoki."

"Nesi anasema kuifuta. Kufutika, haifutiki, hapo nesi hajakosea. Mimi naihamisha."

"Inahamia wapi?"

"Popote itakapopata mtu," akasema Bibi Ambindwile, akaanza kumhudumia mwingine.

Tusekile akamwambia kuna minne ya kushoto asingependa itoke. Bibi akasema hiyo asiipake. Basi, maelekezo yakaishia hapo.

Ijumaa asubuhi, watoto wakinywa chai, Tusekile aliingia bafuni, lile la mabati nyuma ya nyumba, na beseni kubwa la bluu. Ile minne akaibandika plasta ya kidonda juu yake, vizuri, pembe zote. Akapaka unga kulia na chini ya kitovu, akahesabu mpaka mia mbili, akaoga. Mistari ya Yohane ndiyo iliyotangulia. Ilibanduka mmoja mmoja kama nyuzi za mgomba uliolowekwa, ikadondoka majini, ikaelea. Ya Tulia ikafuata. Tusekile akajifuta kwa khanga, akajitazama, akaridhika. Kisha akabandua plasta.

Chini yake ngozi ilikuwa laini kama ya shavu. Ile minne ilikuwa beseni, imejipanga katikati ya ile mingine kumi na mitano, imeshikana nayo. Bila shaka iliwafuata ndugu zake. Watoto ndivyo walivyo, wakubwa wakitoka mdogo habaki ndani.

Akajaribu kuivua kwa vidole, ikamponyoka. Akajaribu kwa kijiko cha chai, ikamponyoka. Akaona asiharibu. Akaliweka beseni kando ya ukuta, akalifunika na sinia, akajitupia nguo na kutoka kumtafuta bodaboda wa kumpeleka Masoko kwa bibi.

Sasa hapa lazima Cosmas aelezwe. Cosmas ni afisa ugani, anawafundisha wakulima kupanda kwa mistari, na nyumbani alikuwa na kazi moja tu aliyoifanya kwa mkono wake. Karibu na bafu ulikuwepo mgomba wa ndizi tamu za kuiva, mgomba wake binafsi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alichukua maji waliyoogea watu, akaumwagilia. Tukuyu mvua inanyesha mpaka vyura wanachoka, lakini yeye alimwagilia, hata mvua ikiwa inamnyeshea mgongoni, na akimaliza alikuwa anajipangusa mikono kama mtu aliyelima ekari. Siku hiyo akaona beseni limefunikwa. Akafunua, akamwaga lote chini ya mgomba, akaenda kazini.

Bibi hakuwepo kwake, alikuwa amekwenda msibani Kyela. Tusekile akarudi, akakuta beseni limeinamishwa. Akapiga magoti, akapapasa udongo kuzunguka shina, akapata tope na nyungunyungu. Alilia kidogo, halafu akaenda kumenya ndizi za mchana.

Mkungu ulikuwa umeshakomaa. Jumapili Cosmas aliukata, akaufukia ghalani kwenye majani makavu, na Alhamisi ukawa umeiva. Maganda yake yalikuwa na mistari myeupe, kila ndizi na mstari wake, mingine mirefu, mingine mifupi. Cosmas akasema ni madini ya kwenye udongo. Kati ya Alhamisi na Ijumaa jioni alikula ndizi kumi na tisa peke yake. Tulia alisimama mlangoni akiangalia, akaambiwa ndizi nyingi zinaharibu meno ya watoto. Kwa hiyo watoto hawakupata hata kipande, na kwa mara ya kwanza uchoyo wa baba yao ukawa umewafaa.

Jumamosi wifi aliagwa. Saa nane mchana ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukaingia ukumbini kama mwalikwa, na akina mama wote sitini wakavaa masweta juu ya sari. Aliyekosa sweta alivaa koti la mumewe. Halikuonekana tumbo hata moja, wala la wale waliopiga kura ya ndiyo. Kwenye picha za siku ile unaona safu ya makoti na chini yake zambarau kidogo. Tusekile alicheza, akala pilau, akarudi nyumbani na tumbo lake laini ambalo hakuna aliyeliona.

Cosmas alikuwa amekaa kitandani, shati limefunguliwa, taa inawaka.

"Mama Yohane," akasema, "njoo uone."

Tusekile akaona. Kulia tisa, chini ya kitovu sita, kushoto minne. Kila mmoja mahali pake. Ilimkaa vizuri, maana na yeye alikuwa na kitambi. Tusekile akanyoosha kidole akagusa ile minne ya kushoto, akaitambua papo hapo, na moyo ukamrukaruka kwa furaha, kwa sababu alidhani ameipoteza na kumbe ipo ndani ya nyumba.

"Inauma," Cosmas akasema, akamtoa mkono.

Alhamisi Tusekile alikuwa gulioni kabla bibi hajatandika mkeka.

"Imempata nani?" Bibi Ambindwile akauliza.

"Baba Yohane."

"Afadhali. Mwaka juzi ya mama mmoja ilimpata mbuzi, akauzwa." Bibi akafikiri. "Inarudi, mwanangu. Lakini hairudi kwa dawa. Mwenyewe aliyenayo aseme kwa mdomo wake, mbele ya watu: hii si yangu, ni ya mama Yohane. Akishasema, utaikuta kwako kabla ya kulala."

"Maneno hayo tu?"

"Hayo tu. Bure kabisa, hata mimi sipati kitu hapo."

Tusekile hakuitaka ile kumi na mitano. Angeipokea, lakini alichotaka ni ile minne. Alirudi nyumbani amejipanga jinsi ya kusema, na alikuwa na matumaini, kwa sababu maneno saba si mzigo kwa mtu anayehutubia wakulima kila Jumanne.

Tatizo ni kwamba Cosmas hakuficha kitu. Tusekile alikaa miaka kumi na mmoja akioga mlango umefungwa, akibadilisha nguo gizani, akijifunika khanga hata mbele ya dada zake. Cosmas alimwonyesha kila mtu. Jumapili aliwaonyesha wazee wa kanisa nje, baada ya ibada. Jumatatu aliwaonyesha wenzake ofisini, na Erasto, anayekaa naye meza moja, akakivuta kiti chake karibu akaangalia kwa makini.

"Ulibeba, ndugu yangu," Erasto akasema. "Ulibeba kweli."

Kuanzia siku hiyo Erasto akawa anamsindikiza nyumbani na kumshikia mkoba. Mkubwa wa ofisi alimwambia asipande tena pikipiki ya kazini, mishtuko si mizuri kwake. Mwenye duka la pembeni alimletea benchi. Mama mkwe alikuja na jogoo mzima na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, akakaa siku tatu akimkanda mwanawe tumbo kwa mafuta ya parachichi. Huyohuyo, Tulia alipokuwa na wiki moja, alimwambia Tusekile kwamba ubaridi wa asubuhi unafunga mwili, akamwonyesha jembe lilipo.

Zahanati walimpisha foleni. Nesi Belinda alimlaza, akavaa glovu, akaangalia, akavua glovu.

"Baba Yohane, hii ni michirizi ya uzazi. Mimba tatu."

"Nina watoto wawili, nesi."

"Mimi nasoma kilichoandikwa hapa. Wa kwanza mkubwa, wa pili wa kawaida, na hapa kushoto wa tatu. Huyu hakufika mbali."

Akabonyeza pale kushoto kwa kidole. Uso wa Cosmas ukabadilika. Alisema amesikia mtu amegeuka upande humo tumboni. Alisema ametulia sasa, hageuki tena. Akaanza kulia, kilio kikubwa cha mwanamume, mpaka akina mama waliokuwa na watoto wa chanjo nje wakaacha kuongea. Tusekile alikuwa amesimama kwenye kona akimshikia shati. Kilio kile alikijua chote, mwanzo hadi mwisho, na alitamani amshike mumewe mkono, na alitamani pia amzabe kofi. Daktari wa zahanati akaandika siku kumi na nne za kupumzika, kutobeba kitu kizito, na kutosumbuliwa.

Jioni hiyo, Tusekile alipomaliza kumpa uji, akamweleza yote: unga, beseni, mgomba, ndizi. Akamweleza na yale maneno saba. Cosmas alisikiliza amelala chali, mikono juu ya tumbo.

"Kwa hiyo ni yako," akasema.

"Ni yangu."

"Na wewe ulikuwa unaitoa."

"Ile minne sikuitoa. Iliondoka yenyewe. Sema tu mbele ya mama hapo sebuleni, itarudi, nawe utapona."

Cosmas alifikiri sana. Hakuwa mtu mbaya, na aliyesoma mpaka hapa asidhani hivyo. Alimwambia subiri kwanza siku kumi na nne ziishe, maana karatasi ya daktari ni karatasi ya serikali, na mtu hawezi kupona katikati. Tusekile akasema sawa, akatoka na bakuli.

Lakini siku hazikuisha. Mzee Jairo, mzee wa kanisa, mtu wa utaratibu, alikuja na wenzake watatu kumwombea mgonjwa. Cosmas akawaonyesha ile minne ya kushoto, akawaambia ni ya mwanawe aliyezikwa bila neno. Mzee Jairo akavua kofia.

"Mtoto ana baba, ana alama, amelala pale kwenye uzio miaka minne hata wimbo mmoja hajaimbiwa," akasema. "Hili si jambo la Kikristo. Tulirekebishe."

Tusekile alikuwa anapita na vikombe. Miaka minne nyuma alikwenda kwa Mzee Jairo huyuhuyo, kwa miguu, na maziwa yakiwa bado yanamtoka, kumwomba sala moja fupi chini ya mparachichi. Aliambiwa utaratibu hauruhusu. Hakumkumbusha. Alifurahi, na huo ndio ukweli, alifurahi mpaka vikombe vikagongana kwenye sinia, kwa sababu Nsajigwa alikuwa anakwenda kuwekewa turubai.

Ikapangwa Jumamosi. Yalikuja maturubai mawili na viti vya plastiki vya kanisa, na spika yenye kukoroma. Ofisi ya Cosmas ilitoa mchele. Wakulima wa kwenye orodha yake walishusha ndizi mikungu kwa mikungu, na Erasto alisimama getini na kitambaa cheusi mkononi akiwapokea watu. Watu walikuja wengi kuliko kwenye ile sherehe ya sari. Kila aliyeingia alikwenda moja kwa moja kwa Cosmas, aliyekaa kwenye kochi lililotolewa nje kwa ajili yake, akamshika mkono wa kulia na kumwambia, "Ndaga, baba. Pole sana. Umepitia mengi."

Asubuhi ile, kabla watu hawajajaa, Tusekile alimfuata chumbani akifunga vifungo.

"Baba Yohane, leo watu wote watakuwepo," akasema. "Sema leo. Useme ile minne tu. Hiyo mingine baki nayo."

Cosmas akamtazama kwa huruma.

"Mke wangu," akasema, "wewe hujui kitu hiki kinavyouma."

Tusekile akasema anajua kidogo. Cosmas akamshika bega, akasema tuone Mungu atakavyoongoza, akatoka nje kupokea wageni. Haikuwa hapana. Tusekile aliibeba ile isiyokuwa hapana mpaka jikoni, akaanza nayo kazi.

Saa nne akafika baba mkwe kutoka kijijini, na kiti chake kikawekwa mbele kabisa, karibu na mparachichi. Hapo ndipo njia ilipofungwa. Mke wa Kinyakyusa aliyelelewa vizuri hakai mbele ya baba mkwe. Akimwona njiani anaingia shambani mpaka apite, na jina lake halitoki mdomoni mwake, si kwa kuita, si kwa kuhadithia, si kwa bahati mbaya. Siku hizi wapo vijana wanaopuuza, lakini Tusekile na mzee huyo walikuwa na miaka kumi na miwili ya heshima isiyo na doa. Salamu zao zilipitia kwa Tulia, mzee yuko sebuleni, mkwe yuko nyuma ya ukuta, na walipendana sana kwa utaratibu huo. Basi mzee alipokaa pale, Tusekile akabaki jikoni nyuma ya nyumba pamoja na wapishi wengine, kwenye masufuria ya mbalaga, ndizi na nyama na maziwa ya juu. Kaburi la mwanawe lilikuwa upande wa pili. Spika ndiyo iliyomletea habari.

Alisikia wimbo wa kwanza na wa pili. Alisikia mchungaji akisoma. Kisha mchungaji akasema mzazi wa marehemu asogee, aseme neno.

Tusekile aliacha mwiko ndani ya sufuria, akaingiza mkono chini ya khanga, akauweka upande wa kushoto wa tumbo. Wenzake waliona, hawakuuliza. Huko nje kiti kilisogea. Alijua Cosmas anapandisha shati kwa sababu watu walishusha pumzi wote kwa pamoja.

"Ndugu zangu," sauti ya Cosmas ikasema kwenye spika, "michirizi hii mnayoiona."

Spika ikakoroma, ikatulia.

"Michirizi hii si yangu," Cosmas akasema, na Tusekile akahisi ngozi inawasha chini ya kiganja, kitu chembamba kinaanza kujichora, "si yangu peke yangu. Ni ya kila mwanamume ambaye amebeba jambo kimyakimya, hakuna aliyemwona."

Watu wakaitikia amina. Muwasho ukakatika. Tusekile alisubiri, kiganja palepale, huenda bado kuna kipande kimebaki. Cosmas akashukuru kanisa. Akashukuru ofisi, daktari, Erasto kwa kumshikia mkoba, na mama yake mzazi kwa mafuta ya parachichi. Akasema hawezi kumaliza bila kumshukuru mama Yohane, ambaye tangu alfajiri yuko jikoni ili watu wapate kula. Nje wakapiga makofi. Jikoni mama mmoja alimgusa Tusekile kiwiko akatabasamu, maana si waume wote wanaokumbuka.

Ngozi ilikuwa laini, haina kitu. Akautoa mkono, akakoroga.

Mchungaji akarudi kwenye spika. Akasema mtoto hawezi kuombewa bila jina, na baba yake, baada ya kuomba na kufunga, ameamua ampe heshima kubwa kuliko zote, jina la babu yake aliyekaa hapa mbele. Kuanzia leo, popote atakapotajwa, mbinguni na duniani, mtoto huyu anaitwa Andongwisye. Mzee akasimama akakohoa. Watu wakaliimba jina lile ndani ya pambio, sauti zote, mara tatu, na baadhi ya wapishi wakaimba pia wakiwa na sahani mikononi. Tusekile alisogeza kuni.

Pambio lilipokwisha, Tulia akaja mbio jikoni kuchukua chakula cha meza ya mbele. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtoto aliyeambiwa ana ndugu zaidi ya yule aliyemzoea.

"Mama, spika imekoroma, sijasikia vizuri," akasema. "Mdogo wangu anaitwa nani?"

Wapishi wakageuka kumtazama Tusekile. Wote walikuwa wake za watu, na wote walimjua baba mkwe wake kwa jina. Tusekile alifungua mdomo, akaufunga, akamwekea mtoto sahani mbili mikononi, moja ya mbalaga na moja ya nyama.

"Kamuulize baba yako," akasema. "Na njiani usimwage mchuzi."